Amri imetolewa, bunduki imebaki nyumbani: polisi anajibu kwa nani?

Mwaka jana wa masomo niliwapa watoto wa darasa langu, mwaka wa tano wa primeri, zoezi la kuandika: eleza nyumba yenu kwa mistari kumi. Wengi waliandika juu ya televizyo, kuku, muembe wa uani, nyanya anayekohoa usiku. Msichana mmoja aliandika vizuri kuliko wote. Mstari wake wa saba ulisema kwamba chini ya kitanda cha papa kuna bunduki, na papa akilewa anaitoa na kumwonyesha mama.

Nilisahihisha daftari lile kwa bic nyekundu, nikatia alama ya vizuri, nikalifunga. Nilikuwa nimefika daftari la tatu mbele ndipo akili yangu ikarudi nyuma. Nilikuwa nimetazama herufi tu.

Nilimwita mama yake. Alikuja saa kumi, akitoka sokoni, beseni kichwani, akifikiri mtoto amefanya fujo. Nilipomsomea mstari ule hakushangaa. Aliniambia kwamba alikwisha kwenda kituo cha polisi mara mbili. Mara ya kwanza walimwambia mambo ya nyumba yanamalizwa na familia. Mara ya pili walimwuliza kama bwana amekwisha kumpiga risasi. Aliposema hapana, wakamjibu: basi bado hajafanya kitu, akifanya urudi.

"Akishafanya, Madamu, nitarudi na miguu gani?"

Sitaandika kazi ya bwana wake wala jina la kituo. Mtaa wetu ni mdogo. Lakini swali la mama yule halikuniacha nilale. Shemeji yangu ni avoka, nami nikaanza kumsumbua. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: wakuu wakijua kwamba kuna bunduki katika nyumba ambamo mwanamke anatishwa, na sheria ikiwapa nguvu ya kuiondoa, nao wasiiondoe, nani anajibu? Shemeji alicheka kwanza. Kisha akaniletea karatasi nyingi kuliko nilivyotegemea, na nyingine zilitoka Afrika Kusini, nchi ambayo watu wengi wa Lubumbashi wanaijua kwa miguu yao, kwa biashara au kwa kuishi.

Hebu tuanzie huko, maana kesi yenyewe inafanana na swali la mama yule.

Upande wa Cape alikuwapo mwanaume mmoja aliyependa pombe na aliyependa silaha. Bunduki zake zilikuwa za halali, zenye ruhusa ya serikali. Mara nyingi alitisha watu wa nyumba yake. Jioni moja ya mwezi wa kumi 1995 aligombana na mke wake, akachukua silaha zake na risasi, akamwua mke, akamwua binti yao. Jirani naye alipigwa risasi, akajeruhiwa, lakini akapona.

Sasa sikilizeni vizuri. Polisi walikuwa wanamjua mtu huyu. Waliwahi kuitwa kabla, kwa sababu ya vitisho vyake vya kuua. Na sheria ya silaha ya nchi ile, ya mwaka 1969, iliwapa njia: wangeweza kuanzisha uchunguzi, na mtu akionekana hafai kuwa na silaha, anatangazwa hafai na bunduki zinachukuliwa. Hawakuhitaji kungoja damu. Hawakuianzisha.

Jirani aliyepona ndiye aliyeshtaki. Wafu hawashtaki, na jambo hili linanichoma kila ninapolifikiri. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Rufaa kule Bloemfontein, na mwaka 2002 juji Nugent akaandika hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wa kule wanaisoma mpaka leo, kwa jina la huyo jirani: kesi ya Van Duivenboden. Waziri wa polisi alijitetea kwamba polisi hawakuwa na wajibu wa kisheria kwa jirani yule. Risasi ilipigwa na mtu mwingine. Polisi walikosa tu kufanya kitu, na kukosa kufanya kitu si kosa.

Hoja hii si ya kijinga. Nikipita njiani nikaona mtoto wa watu anazama, aibu ni yangu, lakini katika nchi nyingi sheria hainishtaki. Juji alikubali kwamba kwa mtu wa kawaida mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini serikali si mpita njia. Katiba ya Afrika Kusini imeipa kazi ya kulinda maisha ya watu, tena imesema serikali lazima iwajibike. Juji akauliza: kama raia hawezi kwenda mahakamani, ni kwa njia gani nyingine polisi hawa watajibu? Pale ambapo hakuna njia nyingine yenye nguvu, akasema, mashtaka ya kudai malipo ndiyo njia inayofaa. Wakaulizana pia kama kweli bunduki zingeondoka endapo polisi wangefanya kazi yao. Mahakama haikudai hakika kama ile ya hesabu. Ilitosha kwamba jambo lile lilielekea kutokea kuliko kutotokea. Polisi wakashindwa.

Nimerudia kuisoma sehemu ya jirani. Hapa kwetu mwanamke akilia usiku tunasema mambo ya nyumba ni ya wenye nyumba, tunavuta shuka. Kumbe aliyewafikisha polisi mahakamani alikuwa mtu wa ng'ambo ya ua. Risasi haikuuliza kama yeye ni wa familia.

Kabla ya hukumu hiyo, wabunge wa Afrika Kusini walikwisha kuandika sheria juu ya jeuri ya nyumbani, ya mwaka 1998. Imerekebishwa 2021, lakini mifupa yake ni ileile. Mwanamke anayeteswa anaomba kwa juji amri ya ulinzi, yaani karatasi ya tribinali inayomkataza mtesaji kufanya hiki na kile. Na juu ya silaha sheria haikusema juji "anaweza". Ilisema kwamba ikiwa kuna ushahidi kuwa mtu ametisha kuua au kuumiza mtu wa nyumbani, au akili yake au pombe inafanya silaha iwe hatari mikononi mwake, mahakama lazima iagize polisi wazichukue. Sheria hiyo inamtaja polisi pia. Anatakiwa kumsaidia mlalamikaji, kumpa karatasi ya kumweleza haki zake, na inapowezekana kumweleza katika lugha anayoichagua mwenyewe. Polisi asipotimiza wajibu aliopewa na sheria hiyo, ni kosa la nidhamu, na kosa hilo linapelekwa nje ya kituo chake, kwa chombo kinachosimamia polisi.

Mtanisamehe, mimi ni mwalimu, natazama vitenzi. Tofauti ya "anaweza" na "lazima" ndiyo tofauti ya darasa lenye nidhamu na soko.

Dada zetu waliohamia huko na wanaosoma gazeti hili kupitia simu za watoto wao wajue kwamba sheria ile inamlinda mtu yeyote aliye katika uhusiano wa nyumbani. Haikuandikwa kwa ajili ya raia tu.

Sisemi Afrika Kusini imekuwa mbingu. Wanawake wengi wanauawa huko na wanaume wao, na vyama vya wanawake vya kule vinalalamika kila siku kwamba karatasi inatoka na polisi haendi. Lakini angalau mwanamke wa kule akilalamika ana kifungu cha kushika mkononi.

Kisha shemeji akaniambia: usifikiri nchi tajiri zimemaliza jambo hili. Akanipa kesi ya Marekani. Niliisoma usiku mmoja umeme ulipokuwapo, na asubuhi nilifundisha vibaya.

Castle Rock ni mji mdogo wa jimbo la Colorado, kusini ya Denver. Mama mmoja, Jessica Gonzales, alikuwa anaachana na bwana wake. Mwezi wa tano 1999 juji alimpa amri: bwana asisumbue familia, akae mbali na nyumba, mita 90 hivi. Mwezi wa sita amri ikathibitishwa, na bwana akaruhusiwa kuwaona watoto kwa siku zilizopangwa. Nyuma ya karatasi yenyewe paliandikwa maneno kwa polisi: watumie kila njia inayofaa kuitekeleza, na anayeivunja wamkamate.

Tarehe 22 mwezi wa sita, jioni, baba alipita akawachukua binti zao watatu waliokuwa wanacheza nje. Mkubwa alikuwa na miaka 10, mdogo miaka 7. Haikuwa siku iliyopangwa.

Saa moja na nusu usiku mama akapiga simu polisi. Wawili wakaja, akawaonyesha karatasi. Wakasema hawawezi kufanya kitu, angoje mpaka saa nne. Saa mbili na nusu akampata bwana kwa simu: yuko na watoto mahali pa michezo kule Denver. Mama akapiga tena polisi, akawaambia walipo, akaomba watume mtu. Wakakataa, angoje mpaka saa nne. Saa nne ikapita, akapiga. Angoje mpaka saa sita. Saa sita akapiga, akaenda mwenyewe nyumbani kwa bwana, hakukuta mtu, akapiga tena, akaambiwa angoje hapo polisi atakuja. Hakuna aliyekuja. Karibu saa saba ya usiku akaenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe, wakaandika maelezo yake. Aliyeyaandika hakumtafuta mtu, alikwenda kula.

Saa tisa na dakika ishirini baba akafika kituoni na gari lake, akaanza kupiga risasi kwa bastola aliyoinunua jioni ileile. Polisi wakamwua. Ndani ya gari wakakuta watoto wote watatu, wamekwisha kuuawa.

Nitaandika tena: aliyoinunua jioni ileile. Tangu 1994 Marekani ina sheria ya nchi nzima inayomkataza mtu aliye chini ya amri za namna hiyo, zikitimiza masharti fulani, kununua au kushika bunduki. Wanaume wamejaribu kuivunja sheria hiyo, na mwaka 2024 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliithibitisha kwa sauti 8 dhidi ya 1, katika kesi ya Rahimi. Sheria ni nzuri. Lakini usiku ule katika Castle Rock hakuna aliyesimama kati ya baba yule na bastola, na hakuna aliyemtafuta alipokuwa nayo.

Mama alishtaki mji. Alisema hivi: juji alinipa karatasi, karatasi inasema polisi wamkamate anayeivunja, basi utekelezaji wake ni haki yangu kama vile nyumba yangu ni mali yangu, na mmeninyima. Tarehe 27 mwezi wa sita 2005 mahakama ya juu ikamjibu hapana, majuji 7 dhidi ya 2. Juji Scalia aliandika kwamba hata sheria ikisema "lazima", desturi ya zamani ya polisi ni kuamua wenyewe nani wamkamate na lini. Kwa hiyo mama hakuwa na haki ya binafsi katika utekelezaji wa amri yake.

Mimi nikiandika ubaoni "lazima kesho kila mtu alete daftari", hakuna mtoto hata mmoja anayeelewa kwamba nimempa uchaguzi. Juji Stevens, mmoja wa wale wawili waliokataa, naye aliona kwamba jimbo la Colorado liliandika sheria yake kwa makusudi ili kuwaondolea polisi uchaguzi huo, kwa sababu miaka na miaka polisi walikuwa wanaona kupigwa kwa wanawake ni ugomvi wa nyumbani tu. Sijasomea sheria, nina diploma ya ualimu tu, lakini ningeketi upande wake.

Mama hakukaa kimya. Alipeleka mashtaka yake nje ya nchi, kwa Tume ya haki za binadamu ya mataifa ya Amerika, na mwaka 2011 tume ikasema Marekani ilivunja haki zake na za watoto wake: haki ya kuishi, haki ya usawa, haki ya kulindwa na mahakama. Ikapendekeza uchunguzi kamili, malipo kwa mama, na sheria zinazolazimisha utekelezaji. Tume haina polisi wa kuilazimisha Marekani. Hata hivyo, miaka 12 baada ya kuwazika watoto wake, mama yule alisikia chombo cha mataifa kikisema wazi kwamba yeye hakukosea kutegemea karatasi ile.

Wengine mtasema: Ulaya je? Kwa ufupi. Katika Slovakia mama mmoja aliwaambia polisi mwezi wa kumi na moja 2002 kwamba bwana wake anampiga. Bwana alipomlazimisha kuyaondoa mashtaka, polisi mmoja alimsaidia kuyabadili yaonekane madogo. Usiku wa tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili mtu wa familia alipiga simu kwamba bwana ana bunduki na anatisha kuua watoto. Tarehe 31 bwana akawaua watoto wote wawili, akajiua. Mwaka 2007 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya iliihukumu serikali ya Slovakia na kuiamuru imlipe mama euro 25,000. Orodha ya makosa ya polisi katika hukumu hiyo ni ya mambo madogo kabisa: hawakuandikisha mashtaka vizuri, hawakuanzisha uchunguzi, hawakutunza maandishi ya simu zilizopigwa usiku, hawakuwaambia wenzao wa zamu iliyofuata, hawakufanya kitu juu ya habari ya bunduki. Hawakuwaambia wenzao wa zamu! Watoto wawili wamekufa kati ya zamu na zamu.

Lazima niwe wa haki. Nimekaa na polisi mmoja wa mtaa, ambaye mtoto wake nilimfundisha, nikamwuliza kwa nini hawaendi. Alinijibu bila hasira. Madamu, unanituma kwa mtu aliyelewa, mwenye bunduki, usiku, sisi ni wawili, mmoja wetu ana risasi tatu. Nikienda bila karatasi ya juji nitaambiwa nimevunja nyumba ya mtu. Nikiipata silaha niiweke wapi? Na kesho mkubwa fulani atapiga simu niirudishe.

Sina jibu kwa risasi tatu. Lakini sikilizeni: maneno yake yote yanapanda juu. Nani anampangia wenzake wa kutosha? Nani anatoa karatasi? Nani anafunga stoo ya silaha, na nani anapokea simu ya mkubwa? Polisi wa chini anaweza kuogopa, ni mtu. Mkuu aliyejua na hakutuma mtu, huyo hakuogopa bunduki, aliogopa kazi.

Hofu hiyo ya polisi si ya kwetu tu. Marekani kwenyewe wamezoea njia ya uvivu: kumwandikia mwenye bunduki barua ailete mwenyewe. Katika mji wa Aurora, jimbo la Illinois, mtu mmoja alipewa ruhusa ya silaha mwaka 2014 hali alikwisha kuhukumiwa kwa kosa kubwa katika jimbo lingine. Walipogundua wakafuta ruhusa, wakamtumia barua. Hakurudisha bunduki, na hakuna aliyemfuata. Mwezi wa pili 2019, siku aliyofukuzwa kazi, aliwaua kwa bunduki hiyohiyo watu watano wa kazini mwake na kujeruhi polisi. Miaka mitano barua ilikuwa ndani ya faili.

Jimbo hilohilo, mwaka 2023, mama mmoja wa Chicago alipata amri ya ulinzi dhidi ya bwana wake. Ruhusa ya silaha ya bwana ikafutwa. Bunduki ikabaki nyumbani. Haikupita muda, mama akauawa pamoja na binti yake wa miaka 15. Vyama vya wanawake vikaenda kwa wabunge na swali dogo: ni nani hasa anayepaswa kwenda kuichukua, na kwa muda gani? Sheria ilikuwa kimya hapo, na kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake. Mwezi wa pili 2025 gavana alitia sahihi sheria mpya inayobeba jina la mama yule, Karina. Mwombaji akieleza hatari ya silaha, juji anaweza kutoa hati ya kuingia na kuzitafuta, na polisi wanapaswa kuitekeleza ndani ya saa 96. Silaha zinakwenda kwa polisi, haziachwi kwa kaka au rafiki wa bwana. Siku nne. Mimi naona siku nne ni nyingi kwa mwanamke anayelala chumba kimoja na mtu huyo. Lakini saa 96 zinahesabika, na ya 97 ikifika, mtu anaweza kuulizwa.

Sasa kwetu. Kongo haina sheria maalum ya jeuri ya nyumbani kama ile ya Afrika Kusini, na mwanamke hana dirisha moja la kwenda kuomba amri ya kuondoa bunduki. Tuna sheria ya silaha ya mwaka 1985, inayodai ruhusa kwa anayetaka kushika silaha. Bunduki isiyo na ruhusa ni kosa lenyewe, hata kabla haijatisha mtu. Kwa hiyo polisi anayesema "bado hajafanya kitu" amekosea somo: mwenye bunduki bila ruhusa amekwisha kufanya kitu. Tuna pia Katiba ya 2006. Kifungu cha 14 kinawaagiza wakuu wa serikali kupigana na kila aina ya jeuri dhidi ya mwanamke katika maisha ya wazi na katika maisha ya faragha. Maisha ya faragha maana yake ndani ya nyumba, chini ya kitanda mkitaka.

Na polisi mwenyewe akikosa, anashtakiwa wapi? Wengi wetu tunafikiri ni kwa mkuu wa kituo chake, basi tunakata tamaa. Makosa ya jinai ya polisi wa taifa, kwa Katiba yetu, yanahukumiwa na mahakama za kijeshi, na malalamiko yanapelekwa kwa oditora ya kijeshi. Tena iko Inspeksheni kuu ya polisi, ambayo kazi yake ni kuchunguza polisi. Milango hii ni mizito, najua. Mama muuza mboga haingii oditora na beseni lake akapokelewa kama bibi wa mheshimiwa. Ndiyo maana siku ile hatukumwacha aende peke yake.

Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na mama kiongozi wa kikundi chetu cha akiba. Hatukwenda kulia. Tulikwenda na barua, kopi mbili, niliyoiandika kwa mkono wangu: tarehe alizokwenda kituoni, maneno aliyojibiwa, mahali bunduki inapolazwa, na mistari miwili juu ya sheria ya 1985. Hatukumtaja mtoto hata kidogo. Hilo nilisisitiza, maana baba angejua aliyesema, na daftari lenyewe nililitoa shuleni nikalificha kwangu.

Mkuu wa kituo alisoma, akainua macho, akauliza nani ametufundisha kuandika namna hiyo. Mama kiongozi akasema, "Huyu hapa, ni mwalimu." Tukaomba apige muhuri, ile tunayoita kashe, na tarehe juu ya kopi yetu, pamoja na jina la aliyepokea. Alisita. Akasema muhuri iko kwa sekretera, na sekretera ametoka. Tukakaa juu ya benchi. Mama kiongozi alikuwa amekuja na ufumaji wake, akautoa mfukoni, akaanza kufuma. Tulikaa saa mbili na robo, na sekretera akapatikana.

Walikwenda nyumbani siku ya tisa baadaye, mchana, watu wanne. Bwana akasema hana bunduki, hakuwahi kuwa nayo. Wakatafuta chini ya kitanda, hawakukuta kitu. Waliandika hivyo katika karatasi yao na kuondoka. Kama wangekwenda kesho yake au siku ya tatu, sijui wangekuta nini, na ndiyo sababu nimewachosha na habari ya saa 96.

Jioni ileile mama alichukua watoto akaenda kwa dada yake, komini nyingine. Msichana anasoma huko mwaka wa sita. Kopi yenye kashe ninayo mimi, ndani ya sanduku pamoja na daftari lake, na mwezi ujao tunaipeleka oditora, watatu walewale, na yeyote wa chama anayetaka kukaa nasi juu ya benchi.

Bunduki iko wapi, hakuna aliyetuambia.